Isale Nililolikataa kwa Kinywa cha Aikaeli

Mwanangu Ndeshi,

Nyumba imetulia. Wewe na mama yako mmepanda Marangu kumuaga bibi yako, na najua mtarudi na mkungu wa ndizi ambao hautaingia katika sanduku lolote. Nimetumia saa hizi za alasiri kukuandikia kabla hamjarudi. Nikikutazama usoni nitaanza kukueleza namna ya kukunja koti, na kesho itafika sijasema ninalotaka kusema. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria na ya mahali pa kuweka pasipoti nimemwachia mama yako. Anayajua kuliko mimi.

Nitaanza na Jumapili ile uliyorudi kutoka Dar es Salaam na habari za kazi. Ulikaa mezani ukatusimulia jinsi walivyokuhoji wale mabwana watatu wa umoja huu mpya wa biashara unaokupeleka Lusaka. Mmoja wao, Mganda mwenye mvi, alisoma jina lako akakuuliza kama wewe ni mtoto wa yule wakili wa Moshi aliyesimamia shauri la Aikaeli, lile la mjane na kihamba. Ukajibu, "Ndiye baba yangu." Akasema hukumu ile huwapa vijana wa ofisini kwake waisome, na kuanzia hapo mahojiano yakageuka mazungumzo. Mama yako alicheka mpaka akafuta machozi. Wewe ukanigeukia.

"Baba, mbona hata hufurahi?"

Nikasema supu ina chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi.

Hukumu unaijua. Uliisoma chuoni, na uliwahi kuniletea insha yako ulimoinukuu. Unajua kwamba tulishindwa Mahakama Kuu, na kwamba hoja zangu juu ya haki ya mjane na ya binti katika ardhi ya ukoo zilichapishwa karibu zote, ndiyo maana watu wanazisoma hata sasa. Lakini kitabu cha hukumu huandika yale yaliyosemwa mbele ya jaji. Mimi nataka ujue yaliyosemwa nyuma ya zizi la ng'ombe.

Nivumilie kwanza nikueleze hali ya kazi yetu siku zile, maana bila hiyo utadhani nilikuwa mtu mwovu tangu asubuhi, na haikuwa hivyo.

Nilipoanza uwakili, miaka michache baada ya Uhuru, mawakili wote wa Moshi tungeweza kukaa katika benchi moja la kanisa, na Waafrika tungechukua ncha tu ya benchi hilo. Kisha nchi tatu zikaungana katika Jumuiya. Watu wengine wanaikumbuka kwa reli, posta na ndege. Sisi wa sheria tunaikumbuka kwa mahakama. Mahakama ya rufani ya nchi tatu ilikuwapo hata kabla ya hapo, lakini sasa ilionekana yetu. Wakili wa Moshi aliweza kusimama mbele ya jaji Arusha akanukuu uamuzi uliotokana na shauri la Kampala, na jaji akafungua kitabu kile kile. Wateja wakubwa wa mashirika ya pamoja walileta kazi ambayo hatukuwahi kuiota. Wenzetu wa Nairobi, waliokuwa na ofisi zenye maktaba na wapiga chapa wanne, walituandikia barua wakituita ndugu wasomi.

Ilikuwa na faida, sikufichi. Jaji anayetoka nchi nyingine hamjui mjomba wa mtu. Hoja mbovu iliyopita kwa tabasamu hapa Moshi ilichanwa kule juu mbele ya wageni, na wakili akarudi nyumbani akasoma. Mimi nilijifunza kuandika kwa sababu ya mahakama ile. Kama Jumuiya isingekuwapo, ningebaki wakili wa kugonga muhuri.

Ila macho yetu yaligeuka. Ukitaka kujua umoja ulifanya nini kwa mawakili wa miji midogo, ndilo jibu langu fupi. Kesi za watu wa kawaida zilianzia Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, ambako mawakili hatukuruhusiwa kuingia. Zilipopanda hadi mikononi mwetu ziligeuka Kiingereza, na mwenye shauri akakaa kwenye benchi la nyuma akiangalia midomo yetu. Alikuwa ameshazoea kutoelewa, na sisi tulizoea kutoeleweka. Nikaanza kuyatazama mashauri kama mtu anayechambua mbegu: hili litaota mpaka kwenye mahakama ya nchi tatu, hili litaishia hapa hapa.

La Aikaeli nililiona tangu siku ya kwanza kwamba litaota.

Alikuwa mama mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye sauti ndogo. Mumewe alikufa akamwacha na binti mmoja. Mdogo wa mume, Elinaja, akadai kihamba. Wewe umekulia Mawenzi, mjini, na kwako kihamba ni mahali pa kwenda Krismasi. Kwa mtu wa mlimani ni nyumba, migomba, kahawa, mfereji wa maji na makaburi ya waliomtangulia, vyote mahali pamoja. Ukiondolewa kihambani huhamii shamba jingine, kwa sababu shamba jingine hakuna. Elinaja alisema mila haimpi binti, na mama asiye na mtoto wa kiume ni mgeni. Mahakama ya Mwanzo ilimpa Elinaja. Mahakama ya Wilaya ilimpa Aikaeli. Elinaja akakata rufani Mahakama Kuu, na hapo ndipo Aikaeli aliponijia.

Miezi michache baadaye alituma mtu. Wazee wanakuja Jumamosi, akasema, naomba wakili uwepo.

Nilipanda na gari hadi barabara ilipoishia, nikatembea kwa miguu na suti yangu kwenye tope. Nikamwamkia shikamoo, na sikusubiri marahaba yake; nilikuwa nimeshaanza kuuliza kuhusu mashahidi. Kabla hajanijibu, walifika. Elinaja alitangulia, nyuma yake mzee mmoja ambaye wote walimwita Meku, na vijana wawili wamebeba pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, mmoja akimvuta mbuzi. Mkononi mwa Elinaja kulikuwa na isale.

Unalijua lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Labda hujaliona likiwa kazini. Mtu aliyekosa hulifunga fundo, akalileta kwa aliyemkosea, na maana yake ni kwamba nimekosa, tuyamalize. Anayeletewa anaweza kununa, anaweza kuweka masharti, anaweza kulia. Kulikataa hawezi. Sisemi kwamba sheria inamzuia. Nasema huku mlimani hakuna aliyekuwa amemwona mtu akilikataa, na anayelikataa huwa amejitenga na watu wote waliowahi kulipokea.

Meku alizungumza. "Aikaeli, huyu amekosa. Amekuja mwenyewe, hakuburutwa. Hatukuombi umpende. Tunaomba ulipokee."

Elinaja aliangalia chini. "Shemeji, nimechoka na mahakama. Kaa hapa mpaka Mungu akuite. Nyumba na migomba ya chini ni ya binti yako baada yako. Mimi niachie kahawa ya juu."

Aikaeli akanitazama. Nikamwomba tuzungumze kando, tukaenda nyuma ya zizi.

"Nataka kulipokea," akasema. "Nimechoka kushindana na mtu ninayemsikia akikohoa asubuhi."

"Mama, ukilipokea shauri limekwisha."

"Si ndivyo tunavyotaka?"

Ndeshi, nimelisikia swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu, na mimi nililijibu kama mtu anayemsahihisha mtoto. Nilimwambia Elinaja amechoka leo, kesho atapumzika na kurudi. Nilimwambia jani halina muhuri. Nilimwambia kwamba shauri lake likifika mahakama ya nchi tatu na majaji wakatamka, hakuna mjane wala binti atakayeondolewa kihambani tena, kuanzia hapa mpaka Kisumu.

"Nchi tatu," akasema. "Kwa ajili ya migomba hii?"

"Kwa ajili ya migomba hii."

"Wewe ni mtoto wa huku. Unajua maana ya kulikataa?"

"Najua."

"Na bado unaniambia nilikatae."

"Nakuambia."

Tukarudi. Alisimama mbele ya wazee ameweka mikono nyuma, maana angeiacha mbele ingelipokea yenyewe. Akasema, "Nimeambiwa nisubiri mahakama." Hakusema nani amemwambia. Haikuhitajika.

Meku alinigeukia. "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtajia jina la babu yako. Akatikisa kichwa taratibu. "Nilimfahamu. Yule angelipokea." Wakaondoka na mbuzi wao. Kijana mmoja aliyebeba pipa alinipita karibu akasema, "Wakili, hili la mbege liandikie hati, labda litarudi nyumbani lenyewe." Wenzake hawakucheka.

Sasa nikuambie ambalo hata mama yako halijui. Majuma mawili kabla ya Jumamosi ile nilikuwa nimeshamwandikia Mwangi, wakili rafiki yangu wa Nairobi, kwamba nina shauri litakalotupandisha sote wawili. Tulikuwa tumeshagawana hoja: mimi nichukue mila, yeye achukue usawa. Alinijibu kwa furaha, na mwisho wa barua aliandika, "Hakikisha tu hawapatani." Niliisoma asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo, nikaitia mfukoni, nikaenda Marangu. Ilikuwa mfukoni nilipokuwa nyuma ya zizi. Yale niliyomwambia Aikaeli juu ya wajane wote na mabinti wote niliyaamini, na bado nayaamini. Ila hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa mfukoni.

Baadaye niliichoma barua hiyo.

Yaliyofuata unayajua nusu. Tulishindwa Mahakama Kuu, mimi nikashangiliwa kwa hoja, na nikapeleka rufani kwa haraka ya mtu aliyekuwa akiomba ashindwe ili apande. Nusu usiyoijua ni ya mlimani. Msimu wa kahawa ulipofika hakuna jirani aliyekwenda kumsaidia Aikaeli kuchuma. Kanisani wanawake waliwasogelea wenzao kwenye benchi, akabaki na nafasi kubwa. Ng'ombe wake alipokufa hakuna aliyeuliza ameumwa nini, kwa kuwa kila mtu alijua ni lile isale. Nilipomwona mjini alikuwa amekonda, na nilimwambia avumilie, tarehe itapangwa.

Ikapangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Kisha Jumuiya ikavunjika. Mpaka ulifungwa, Mwangi akabaki upande ule na jalada nililompelekea lote, nakala na asili, na mimi upande huu na shajara yenye tarehe ya kusikilizwa katika mahakama isiyokuwapo. Vitabu vya hukumu viliacha kuja. Mawakili wa Moshi tulikutana mahakamani tukiulizana tunukuu nini, kama wanafunzi ambao mwalimu ametoka darasani na funguo. Nasema haya kwa mzaha, lakini wakati ule kulikuwa na watu waliokuwa wametundika maisha yao kwenye tarehe zile.

Elinaja hakuwa na sababu ya kungoja. Alitekeleza hukumu ya Mahakama Kuu, kama sheria ilivyomruhusu.

Aikaeli alikuja ofisini siku mbili baada ya kutolewa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Wakili, ile mahakama ya nchi tatu iko wapi sasa?"

Nilimweleza. Unajua ninavyopenda kueleza. Nilimweleza mkataba, marais, reli, ndege, mgawanyo wa mali. Nadhani nilisema kwa muda wa saa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haipo."

"Kwa sasa haipo, mama."

Akaniambia kwamba jana yake alikuwa amefunga isale yeye mwenyewe, akalipeleka kwa Elinaja, yeye mwenye haki akimwomba radhi aliyemkosea. Elinaja alilitazama akaweka mikono nyuma, akasema, "Nimeambiwa nisubiri mahakama." Kisha akafunga mlango.

Aikaeli hakulia aliponisimulia. Aliniuliza kama kuna mlango wa nyuma wa kutokea, kwa sababu mbele palikuwa na watu wa Marangu.

Utaniambia kwamba sikuvunja Jumuiya mimi. Ni kweli, na kwa muda mrefu nililala juu ya ukweli huo. Lakini liko moja zaidi, na ndilo linalonifanya nisimame katikati ya sentensi hii nikatembee mpaka dirishani na kurudi. Nchi yetu ilipofungua mahakama yake yenyewe ya rufani, njia ilikuwapo. Ningeweza kuomba kibali cha kukata rufani nje ya muda. Niliandika maombi. Kilichobaki ni kiapo changu cha kueleza kwa nini jalada lilikuwa Nairobi, na ili kulieleza hilo ingebidi niseme kwamba nililipeleka huko mwenyewe, lote, bila mteja kujua, ili wakili wa nchi nyingine asiyehitajika apate kusimama pamoja nami. Nilijiuliza majaji wapya watanionaje. Nikayatia maombi kwenye droo ya meza. Yalikaa humo miaka miwili, mpaka Elinaja alipowagawia wanawe kihamba nao wakajenga, na hapo nikajiambia kwamba sasa nimechelewa. Katika miaka hiyo hiyo miwili nilialikwa kuzungumza mbele ya mawakili juu ya shauri la Aikaeli. Nilizungumza vizuri. Walipiga makofi.

Ndiyo maana supu ilikuwa na chumvi.

Sikuandikii ili usiende Lusaka. Nenda. Nchi hizi zikijaribu tena kuwa na sheria moja, nataka uwe mmoja wa wanaoiandika, na nadhani utaiandika vizuri kuliko sisi. Utakaa na watu wenye akili kutoka nchi nyingi, na siku moja mtu wa kawaida, mwenye lori lake lililozuiwa mpakani au shamba lake lililokatwa na barabara ya umoja, atakuja na shida inayofaa sana kwa hoja uliyokuwa ukiitafuta. Sijui nikuambie ufanye nini siku hiyo. Mimi nilikuwa na kila kitu kichwani, sheria na mila, na havikunisaidia, kwa sababu sikutaka kusaidiwa. Ninachojua ni kwamba mtu yule akisema amechoka, anajua jambo kuhusu shauri lake ambalo wewe hulijui. Muulize.

Na Mganda yule akikutajia tena hukumu ile, sikuagizi useme nini. Ulipomjibu "Ndiye baba yangu" ulikuwa unasema kweli. Nimekuandikia ili kweli hiyo iwe nzima, hata kama itakupunguzia furaha ya kuisema. Ulipewa kazi kwa alama zako na kwa kichwa chako. Hilo usilitilie shaka. Jina langu lilikufungulia mazungumzo tu, na mimi naona aibu hata kwa hayo.

Limebaki moja. Yule mama anayeuza ndizi mbivu pale Himo basi linaposimama, yule mrefu unayemwita Mama Eli, ambaye kila likizo ya chuo alikuongezea ndizi moja ukarudi unaila dirishani, ndiye Aikaeli. Mara ya kwanza alikuuliza wewe ni wa nani, ukamwambia. Toka siku ile kila ulipopita alikutuma, "Mwambie baba yako Mama Eli wa Himo anamsalimu," na wewe ukanifikishia kwa uaminifu, nami nikasema asante nikaanza kutafuta miwani. Sikuwahi kujua ni salamu za namna gani. Nilizipokea kama mtu anayepokea hati ya kuitwa shaurini na kuiweka chini ya vitabu.

Ulidhani kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Nimekata tiketi mbili, na yangu inaishia Himo. Sijui nitamwambia nini. Sitaanza na maelezo, hilo nimejiahidi. Nitamwamkia, na safari hii nitasubiri aitikie, hata kama hataitika.

Wewe usishuke. Dereva hasimami pale zaidi ya dakika tano, na mzigo wako uko juu ya basi. Basi likianza kuondoka, usigeuke kuangalia ninavyopokelewa. Hilo ni langu.

Baba yako